Naitrojeni ya ng'ombe

"Shangazi, eti kazi yako ni kupika mawe?"

Mpwa wangu kaniuliza hivyo juzi tukila zabibu barazani. Mama yake akacheka hadi akapaliwa. Nikasema ndiyo, maana ndivyo ilivyo. Unasaga oksaidi ya itiriamu, kabonati ya bariamu na oksaidi ya shaba, unachoma tanurini kwenye nyuzi 900 na ushei, unasaga tena, unachoma tena, kisha unapoza taratibu ndani ya oksijeni. Kidonge kikitoka cheusi, una matumaini. Kikiwa na ukijani, umeme ulikatika usiku, au Mungu hakupenda.

Nikamkumbuka mzee wa Mpwapwa.

Nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada yangu na vidonge vyangu. Tangu 1987 inajulikana kwamba kidonge cha namna hiyo kikipozwa hadi nyuzi 180 hivi chini ya sifuri, umeme hupita bila ukinzani wowote, nacho huisukuma sumaku. Naitrojeni ya kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, inatosha kabisa. Inatosha ukiwa nayo. Mimi sikuwa nayo. Waliokuwa nayo ni watu wa uhimilishaji, wanaopandikiza ng'ombe mimba kwa mrija; huhifadhia mbegu za madume. Mzee wa Mpwapwa alikuwa mmoja wao. Barua, simu na njoo kesho za hapo katikati naziruka.

Mzee alifungua mtungi, moshi mweupe ukatambaa sakafuni. Akanimiminia kidogo kwenye kipande cha boksi la chanjo. Nilipotumbukiza kidonge, naitrojeni ilichemka kwa fujo, kisha ikatulia. Sumaku yangu ilikuwa ndogo, nusu ya punje ya mahindi. Akanipa kibanio chake cha kutolea mirija ya mbegu. Cha chuma, sumaku ikang'ang'ania. Ikabidi nitumie vidole.

Nikaiachia juu ya kidonge. Ikabaki hewani.

Mzee akainama, akapuliza. Ikazunguka. Akaisukuma kwa ncha ya kalamu, ikalala upande, ikagoma kuanguka. Akatoa risiti mfukoni, akaipitisha chini yake. Risiti ikapita. Akaipitisha tena, safari hii akichungulia kwa jicho moja.

"Haya binti, imeelea. Sasa?"

Nikamweleza habari za sumaku za mashine za MRI, zile za kupiga picha ndani ya mwili hospitalini, nyaya zisizopoteza umeme, mengi tu. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Unajua hiyo naitrojeni iliyoishia hewani ni ya ng'ombe wa watu?"

"Najua, mzee."

Akatazama mtungi, akanitazama. Kisha akamimina tena. "Rudia. Ngoja nimwite mlinzi."

Mpaka leo sijui kama nilimshawishi au alinihurumia. Vidonge vile nilivipima ukinzani kwa naitrojeni yake, na makala ikatoka. Kwenye shukrani niliwaandika watu wa uhimilishaji wa ng'ombe. Mhakiki mmoja akauliza kama hilo ni kosa la uchapaji.