Mradi uliisha mfumo ukabaki kwangu, hivi ndo nilivyouhangaikia

Wale wa takwimu mtanielewa. Mradi ukiisha gari linaondoka, wataalamu wanaondoka na laptopu zao, wewe unabaki na sava chini ya meza na karatasi ya makabidhiano ambayo ulisaini bila kusoma. Mimi ndo yalinikuta. Kliniki yetu ya wagonjwa wa ARV ilikuwa inatumia OpenMRS, programu ya kutunza rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta, nzuri tu, ipo tangu 2004 na ni ya bure, sasa watu wakisikia bure wanajua hakuna gharama kabisa. Bure ni leseni jamani, betri tunanunua.

Na betri ndo zilianza. Zile za madini ya risasi za kwenye UPS, kile kifaa kinachoshikilia sava umeme ukikatika, ukiziacha zishuke mpaka mwisho kila siku, halafu chumba chenyewe kina joto, hazichukui muda zimekufa. Umeme ukakatika sava ikazima puu, kuwasha database haifunguki. Natafuta bekapu, kumbe ipo kwenye diski hiyohiyo ya sava, nataka kuingia kama admini, paswedi anayo jamaa mmoja wa mradi ambaye alishahamia kazi nyingine. Nilimsaka siku nne nzima kupitia mtu wa mtu, namshukuru alikuwa bado anaikumbuka. Rekodi nyingi zilipona ila za siku tisa zilipotea, ikabidi tuzijaze upya kutoka kwenye makaratasi.

Baada ya hapo kila jioni natoa kopi kwenye flashi mbili, zote zimefungwa kwa paswedi maana hizi ni habari za watu wenye VVU sio za kuokotwa njiani. Moja inalala kabatini kwa mganga mfawidhi, nyingine jengo lingine. Na mara moja kwa mwezi naijaribu kuirudisha kwenye laptopu mbovu niliyonayo. Ile ya kwanza kabisa ilikataa, ilikuwa faili tupu!

Lakini hayo ya mashine mimi naona ndo mepesi. Kazi ilikuwa manesi. Nesi anajaza kadi ya mgonjwa, anajaza rejista, halafu unamwambia tena aingize kwenye kompyuta, na nje kuna foleni, kwa nini asikuachie rundo la mafaili mezani? Nilikuwa nalaumu mwanzoni, baadaye nikajiuliza hivi hii kompyuta inamsaidia nini yeye? Hakuna. Data zote zinapanda juu tu. Basi nikaanza kuprinti kila asubuhi orodha ya waliokosa miadi, kazi ambayo walikuwa wanaifanya kwa kupekua faili moja moja. Wiki ya tatu sikuprinti, niliumwa, dada mmoja akanipigia simu nyumbani, "kaka orodha iko wapi?" Nikajua hapa tumepona. Sasa hivi kompyuta ikiganda wao ndo wanaanza kelele.

Mganga mfawidhi naye alilainika kwenye ripoti ya mwisho wa mwezi. Tulikuwa tunahesabu kwa vidole siku mbili, siku hizi namba natoa kwenye mfumo na kuziingiza DHIS2, ule mfumo wa kupeleka takwimu za afya juu, kabla ya chai. Bajeti ya kituo ilikuwa na mstari wa mafuta ya jenereta lakini wa betri haukuwepo, akauweka mwenyewe bila mimi kuandika barua ya tatu.

Uganda mwaka 2012 wizara yao ilifikia hatua ya kusimamisha kwanza miradi ya majaribio ya namna hii, ilikuwa mingi mno kila mtu na chake. Nawaelewa kabisa, maana wiki iliyopita wamekuja wengine kwetu na tableti mpya na mfumo mwingine tofauti. Nikawauliza paswedi ya admini itabaki kwa nani mkiondoka, wakaangaliana.