Kura Baada ya Shambulizi
Jana, matatu yetu ilipokwama Westlands, mzee mmoja aliyeketi kando yangu aliniuliza iwapo uchaguzi unapaswa kuahirishwa magaidi wakishambulia siku chache kabla ya kura, nami nikamjibu kwa heshima kwamba hapana, isipokuwa pale ambapo watu hawawezi kabisa kuvifikia vituo. New York iliahirisha kura ya mchujo ya tarehe 11 Septemba 2001 kwa majuma mawili, kwa kuwa ilishambuliwa upigaji kura ukiwa tayari umeanza, na hilo naliona la haki. Hispania, kwa upande wake, ilipiga kura tarehe 14 Machi 2004, siku 3 tu baada ya treni za Madrid kulipuliwa na watu zaidi ya 190 kuuawa.

Katiba yetu ya 2010 huruhusu muhula wa Bunge kurefushwa wakati wa vita pekee, kwa kura za theluthi mbili katika Bunge la Taifa na Seneti, tena kwa jumla ya miezi isiyozidi 12. Nashukuru kwamba mlango huo ni mwembamba, maana hofu haikosekani hapa kwetu. Kampeni ndizo zinazopaswa kusimama kwa heshima ya waliofiwa, kama Uingereza ilivyofanya baada ya shambulizi la Manchester la Mei 2017, kisha ikapiga kura tarehe 8 Juni kama ilivyopangwa.