Visa ikibadilika, we ushauza friji

Hapa barazani Michenzani stori za Uingereza haziishi. Mtoto wa ami yangu alikuwa anasubiri karatasi za kazi ya kulea wazee kule, mkewe keshauza friji na kabati, watoto washapigwa picha za paspoti. Serikali yao ilitangaza Disemba 2023 kwamba walezi wapya hawatochukua tena mke wala watoto, sheria ikaanza tarehe 11 Machi 2024. Karatasi zake zikaja Aprili! Kenda peke yake, wallahi inauma.

Ila angalau hiyo ilikuwa miezi mitatu. Marekani bwana Trump kasaini Ijumaa tarehe 19 Septemba 2025 ada ya dola 100,000 kwa visa ya kazi ya H-1B, ikaanza Jumapili, makampuni yakawaambia wafanyakazi walioko nje warudi haraka, watu wanakimbilia eapoti, alafu ndo wanaambiwa kumbe ni maombi mapya tu. Sasa si mngesema mwanzo?

Mi naona aliyekwisha tuma maombi aachiwe sheria ya zamani, basi. Mwenye pesa atakata tiketi nyengine, huyu aliyeuza friji afanyeje?