Bibi hasikii, ila harufu anaisikia

Nipo Mikindani tangu Ijumaa. Mabibo yameanza kudondoka, na chini ya mikorosho nyuma ya nyumba harufu yake imeshageuka: kwa mbali tamu, ukisogea inakukaba koo kama uraka wa jana, ile pombe ya mabibo. Bibi alikuwa barazani, kanga begani. "Mume wangu," akaniita, "nasikia harufu ya mabibo. Kayaokote, mbuzi wasikutangulie."

Anasikia! Huyuhuyu ambaye asubuhi nilimpigia kelele mara tatu kumuuliza kama chai imekolea sukari, akanijibu kuwa shangazi kaenda sokoni.

Jumatatu nilimpeleka kliniki. Daktari, kijana tu, akamwinamia: "Shikamoo Bibi. Unasikiaje leo?" Bibi akamtazama midomo. "Sisikii, baba. Ningekuwa nasikia ningekuja kufanya nini?"

Tangu hapo neno hili haliniachi. Sikio tumelitwisha mizigo isiyo yake. Njaa tunaisikia, baridi tunaisikia, maumivu ya jino ndiyo usiseme. Mtoto mtukutu "hasikii" na masikio yake mazima. Ukiulizwa kama unasikia Kimakonde, unaulizwa kama unakielewa. Hata dawa husikiwa: sikio la kufa halisikii dawa. (Methali hii mbele ya Bibi siitamki.) Jicho nalo limetembea: naona haya, naona kiu, naona tuondoke. Ila kutoka kumwona mtu hadi kumwonea, hapo sijui liliteleza wapi.

Mwanaisimu wa Sweden, Åke Viberg, mwaka 1984 alilinganisha vitenzi vya hisi katika lugha kama 50. Akakuta safari hizi kwa kawaida ni za kuteremka: neno la jicho au la sikio hushuka likafanya kazi ya pua, lakini la pua halipandi kirahisi. Nimejaribu mwenyewe, kwa sauti, peke yangu shambani: "Jana usiku nimenusa taarabu." Halipandi.

Nikarudi na ndoo nusu, vidole vinanata, korosho nimeshazinyofoa. Bibi akachukua bibo moja, jekundu, zuri kuliko yote, akalisogeza mpaka likagusa pua. Akafumba macho. Akakaa hivyo kidogo, kisha akalirudisha kwenye ndoo.

"Hili silisikii," akasema. "Nipe lingine."