Sarafu ya kwenda Muroto

Kutoka Yakuoji, hekalu la 23, hadi Hotsumisakiji, la 24, ni kilomita kama 75, na njia nzima hukuti hata moja katika yale mahekalu 88 ya Kibuddha ambayo mahujaji huyazunguka kisiwani Shikoku, Japani. Ni lami tu, barabara kuu namba 55, Bahari ya Pasifiki kushoto, mlima kulia, na malori yanayokupita karibu hadi kofia inataka kuruka. Wanaozunguka kwa basi hawaijui sehemu hii, wao wanasinzia. Sisi wa miguu tuliila yote.

Wakati huo nilikuwa nasoma Tokushima. Mzunguko mzima wa kisiwa cha Shikoku ni kilomita zipatazo 1,200, na mimi sikuwa na muda huo wala hela hiyo. Wengi huukata vipande, mwaka huu mkoa huu, mwakani ule, nami nikachukua kipande changu likizo ya Machi. Niseme mapema, maana swali nalijua: mimi ni Mwislamu, mtoto wa Tanga, na sikwenda kubadili dini. Mahekalu kadhaa yamo mjini Tokushima kwenyewe, na kila asubuhi niliwaona watu wa vizibao vyeupe na fimbo wakipita karibu na ninapokaa. Ukiishi na watu halafu hujui wanakwenda wapi kila siku, unaishi nao kweli?

Mwenzangu wa njiani alikuwa mzee mstaafu wa Osaka, tuliyekutana kwenye nyumba ya kulala wageni pale Hiwasa, mji wa Yakuoji. Vikaratasi vyake vya jina, vile ambavyo hujaji huacha mahekaluni, vilikuwa vyekundu, maana yake ameshazunguka si chini ya mara nane. Vyangu vilikuwa vyeupe, vya wageni. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kizibao cheupe ni sanda, kwamba zamani hujaji akifia njiani fimbo yake ndiyo iliyosimikwa kaburini, na kwamba juu ya daraja fimbo haigongwi chini. Kisa ni Kobo Daishi, yule mtawa Kukai (774–835) ambaye njia hii yote ni yake. Inasemwa aliwahi kunyimwa malazi akalala chini ya daraja usiku wa baridi, na huenda hata leo amelala hapo chini, usimwamshe. Barabara namba 55 ina madaraja hayaishi. Tulibeba fimbo zaidi ya tulivyozitembelea.

Ukishapita Noné maduka yanakwisha. Hakuna hata zile mashine za soda ambazo Japani ziko kila kona. Zamani sehemu hii haikuwa na barabara kabisa, mahujaji waliruka jiwe hadi jiwe ufukweni na kuomba bahari isichafuke. Mzee alikuwa amenionya nibebe maji, nikabeba, yakaisha.

Nyumba zilipoanza tena kuonekana, bibi mmoja alitoka kwenye kibanda cha nyavu, mgongo umepinda, akaita, "Ohenro-san! Ohenro-san!" Hivyo ndivyo wanavyomwita kila hujaji, mweupe, mweusi, tajiri, mchovu. Mkononi alikuwa na balungi, lile kubwa la manjano la mkoa wa Kochi. Akanipa kwa mikono miwili. Zawadi hizi za njiani hazikataliwi. Anayetoa hakupi wewe, anampa Daishi unayetembea naye. Ndiyo maana kofia za mahujaji zimeandikwa kwamba wanaosafiri ni wawili. Wewe unashukuru na kumpa kikaratasi chako cha jina. Nikampa. Akakisogeza mbali na macho, akasoma herufi moja moja: "Ta-n-za-ni-a." Akamtazama mzee wa Osaka kana kwamba anataka shahidi.

Nilidhani yameisha. Akasema, "Ngoja," akaingia ndani, akatoka na sarafu ya yen 100. Aliiweka katikati ya tishu, akaikunja, akaisokota mdomo kama karanga za kuuzwa stendi. Magoti, alisema, yanamkataza kupanda kule juu siku hizi. Niipeleke Hotsumisakiji, niitie sandukuni, niseme imetoka kwake.

Nikamwonyesha mzee kwa jicho. Nilitaka yeye aichukue, maana yeye ndiye mwenye dini yake, sutra, yaani maandiko ya Kibuddha, zote ziko kichwani. Bibi akautikisa mkono ule ule kwangu. "Wewe."

Usiku huo nilimpigia mama kwa WhatsApp. Tanga ilikuwa mchana, namsikia anapepeta mchele. Swali la kwanza likawa kama nimekula. La pili, nimekula nini, na sikutaka kurefusha habari za samaki mbichi. Ndipo nikamweleza habari ya sarafu.

"Huyo bibi anakujua?"

"Hanijui, mama."

"Na kakupa hela yake uende nayo?"

"Ndiyo."

Ungo ukanyamaza. "Basi ifikishe, mwanangu. Hela ya mtu hailali mfukoni mwako. Hayo mengine utamuuliza shehe ukirudi. Na hilo balungi, ulimshukuru?"

Kesho yake tulifika rasi ya Muroto. Kabla ya kupanda kuna pango, Mikurodo, ambamo inasemwa Kukai alikaa akifanya ibada angali kijana. Mlango wake unatazama baharini, na huko ndani husikii kitu ila mawimbi. Mzee alikaa humo muda mrefu. Mimi nilitafuta kibla. Kwenye pwani ile si kazi, upe bahari mgongo, uelekee mlimani. Nikaswali Adhuhuri pembeni, kwenye nyasi. Mahujaji wawili walipita wakanipa heshima kwa kichwa, wakaendelea.

Njia ya kupandia hekaluni ni ya mawe, fupi lakini kali, ndani ya miti inayokaa kijani mwaka mzima. Getini mzee alinawa mikono, akagonga kengele mara moja. Kengele hugongwa ukiingia, ukitoka haigongwi, ni mkosi. Akawasha ubani na kuanza Sutra ya Moyo kwa sauti yake ya mafua. Mimi sikuwasha kitu, na viganja sikuviunganisha. Nilivua kofia, nikasimama kama unavyosimama sebuleni kwa mtu, nikaifungua ile tishu. Ndani, juu ya sarafu, kulikuwa na kipande cha karatasi ambacho sikukiona alipokuwa akisokota: jina lake, na chini yake jina la mwanamume. Mzee alipomaliza aliyasoma yote mawili kwa sauti, akaniachia nafasi.

Nikasema kwa Kijapani changu cha maabara kwamba hii ni ya bibi wa kule barabarani, magoti yamemkatalia, ameituma. Ikaingia sandukuni kwa mlio ule wa sarafu kupigana na mbao.

Ofisi ya mihuri, wanakoandika na kugonga alama ya hekalu kwenye kitabu cha hujaji, wakati ule ilitoza yen 300. Mwandishi aliandika kwa brashi kitabuni kwa mzee, akagonga mihuri yake mitatu myekundu, akanitazama mimi. Nikamwambia sina kitabu, nilikuwa na mzigo wa mtu tu. Akacheka, akaniuliza Tanzania na Kilimanjaro viko umbali gani. Nikamweleza.

Balungi tulilila kwenye ngazi. Nyama yake tamu, yenye uchungu kidogo nyuma, ila mbegu! Mzee alizitemea kiganjani, akazihesabu, kisha akanijulisha kwamba hekalu la 25 lina ngazi zaidi ya 100 na ofisi yake inafungwa saa kumi na moja jioni, kwa hiyo kama nimeshashiba niinuke.