Swali lililomezwa na kiolesura changu

Nilipoanza kutengeneza kiolesura (sehemu ambayo mtumiaji huiona na kuibonyeza) cha Maxima, programu huria ya aljebra iliyotokana na Macsyma, programu ya chuo cha MIT cha Marekani, niliamini kwamba ugumu wote wa watumiaji ulikuwa katika kuandika amri. Niliweka vitufe vya integrali, milinganyo na grafu, nikahakikisha kwamba nukta mkato ambayo Maxima huidai mwishoni mwa amri inajiandika yenyewe, na kwamba mtu akiandika pi inageuzwa kuwa %pi, jinsi Maxima inavyoiandika. Kazi hiyo haikunichukua muda.

Kisha nilimwomba mwalimu mmoja wa hisabati atafute integrali ya x kwa kipeo n, nami nikakaa pembeni bila kusema neno. Alibonyeza kitufe, akasubiri, akabonyeza tena, halafu akaniambia kwamba programu imeganda. Haikuwa imeganda. Maxima ilikuwa imeuliza kama n ni sawa na -1, kwa sababu hapo jibu huwa logi, lakini kiolesura changu, kilichojua kuonyesha majibu tu, kilikuwa kimelimeza swali hilo. Kubonyeza mara ya pili kulizidisha utata, maana amri mpya ilipokelewa kana kwamba ndiyo jibu lililosubiriwa.

Kulitambua swali kulikuwa rahisi: maandishi yanapofika bila lebo ya aina ya (%i5), ambayo Maxima huitoa ikiwa tayari kupokea amri mpya, basi bado inangoja jibu. Kulionyesha ndiko kulikonitoa jasho. Kwanza nilitumia dirisha dogo linaloibuka katikati ya skrini, nalo likaufunika usemi wenyewe wa hisabati. Watu wakawa wanabonyeza “Hapana” ili liwaondokee tu, jambo ambalo katika hisabati ni baya kuliko kuganda, kwa kuwa jibu hutoka likiwa limesimama juu ya sharti ambalo hakuna aliyelifikiria. Hatimaye nililishusha swali chini ya usemi, nikaipa n rangi moja katika sehemu zote mbili, nikavizima vitufe vingine hadi lijibiwe, na baada ya hapo nikaliacha sharti lisomeke kando ya jibu. Ukiligusa, amri huendeshwa upya kwa jibu la pili.

Mwalimu yule aliporudia zoezi, alilisoma swali, akachagua “Hapana”, kisha akaligusa sharti na kuiona logi ikitokea. Akaniuliza kama majibu yote mawili yanaweza kukaa bega kwa bega. Bado hayawezi, ndiyo kazi niliyo nayo sasa.