Nilivyopata picha ya bibi macho wazi

Jamani ule ushauri wa "mwambie asipepese macho" umenipotezea miezi. Bibi yangu pale Tanga kila nikimpiga picha na flashi anatoka amefumba. Wakaniambia hesabu moja mbili tatu, nikahesabu, kafumba. Wakasema afumbe kwanza, nikifika tatu ndo afumbue, tukafanya hivyo jioni nzima, picha kama 40, mpaka akaniambia mjukuu wangu nimechoka, nikaona aibu kweli.

Bibi hakuwa na kosa lolote. Siku moja nikarekodi flashi kwa simu, ile video ya mwendo wa polepole, nikaona inawaka MARA MBILI. Ndo TTL hiyo, yaani kamera kujipangia yenyewe nguvu ya flashi: kwanza inatoa mwanga mdogo wa kupimia, kamera inausoma unavyorudi kupitia lensi, inapanga nguvu, halafu ndo mwanga wenyewe. Kwa macho unaona kama mmoja tu, ila mtu mwepesi kushtuka kope zinaanza kushuka kwenye ule wa kwanza, wa pili unakuta zimeshafunga. Na mimi nilikuwa nimeiweka flashi iwake mwisho wa shata (lile pazia la kamera linalofunguka kupiga picha), shata yenyewe inakaa wazi sekunde 1/15 ili taa za sebuleni zionekane, kwa hiyo muda kati ya mwanga wa kwanza na wa pili ukazidi.

Dawa ipo kwenye kamera yenyewe! Canon yangu nikibonyeza kitufe cha nyota flashi imekaa juu, ule wa kupimia unatoka saa hiyo hiyo, bibi anapepesa, anafumbua, tunaongea kidogo, ndo napiga, unatoka mwanga mmoja tu. Kinapima katikati ya fremu kwa hiyo lenga uso, mi mwanzo nililenga mtandio wake mweupe uso ukatoka giza. Nilipolenga uso nao ukang'aa kupita kiasi, ngozi yetu nyeusi kamera inadhani mwanga hautoshi, nikashusha nguvu ya flashi theluthi mbili ya stopu (stopu moja nzima ni kupunguza mwanga nusu) ikakaa sawa.

Kwenye harusi watu wamepanga foleni sihangaiki na nyota, naacha TTL naweka nguvu mwenyewe, 1/16 hivi ya nguvu yake yote, hapo hakuna mwanga wa kupimia kabisa. Ila usisogee ovyo, ukirudi nyuma umbali mara mbili mwanga unabaki robo.

Kuisafisha ile picha ya bibi pamoja na fremu ilikula elfu 20 na kitu, iko ukutani juu ya kabati la vyombo, kila mgeni anaonyeshwa.